Jicho Chini ya Mdomo

Skrini ya kukodi hutoka Dar na lori lake,
na mafundi wake, na hoteli ya mafundi wake,
na Bendi ya Mkunya hulipwa baada ya mnada wa korosho,
kama mnada umekwenda vizuri.
Basi nikasema, nitaiunda mwenyewe.
Nilisema mbele za watu, Newala, sokoni;
neno likishatemwa halirambwi.

Paneli kumi na mbili.
Tano zilikuwa bango la duka la dawa Kitangari,
duka limefungwa, zenyewe bado zinasema KARI, zinasema BU.
Mbili wakala wa fedha alizitupa kwa ajili ya mchwa
(mchwa walikula mbao, taa wakaziacha; wana akili).
Tano nilinunua Mtwara mjini,
nikazipakata njia nzima kama watoto wa mwenzangu.

Kila paneli, taa mia tano na kumi na mbili.
Somoe alizipitia kwa ukucha
kama anayetafuta chawa kichwani pa mtoto:
hai, hai, hai, hii imesinzia, hii marehemu.
Akashika risasi na chuma cha moto, akabana pumzi.
Moshi ulimganda nywele hata mumewe akauliza
ni mganga gani huyo anayefungua hadi usiku.

Fremu ni vitanda vya bweni, cha juu na cha chini.
Feni ni mashine ya salfa ya marehemu baba;
siku tatu ilitupulizia unga wa njano,
siku tatu tulipiga chafya za mikorosho.
Volti tano haziui mtu,
lakini ampea arobaini huyeyusha waya kama pipi.
Hilo nalijua. Kidole hiki kinalijua zaidi.

Picha nayo husafiri kwa zamu:
paneli ya kwanza hunywa fungu lake, hupasia ya pili,
ya pili ya tatu,
kama ndoo mkononi kwa mkono, miaka ile ya kiu huku juu uwandani.
Akikosea mmoja,
maji yanafika nyumba isiyo yake.

Usiku wenyewe, uwanja wa shule, manyunyu saa mbili.
Nikachomoa nyaya zote kwa woga,
nikazirudisha gizani, tochi mdomoni.
Wa saba nikauchomeka pa tatu.

Zamoyoni akapanda na gitaa. Kamera ikamnasa.
Na pale juu, mita nne kwa mita moja na nusu:
jicho chini ya mdomo,
sikio katikati ya paji,
kidevu kimekwea pembeni, kinaimba peke yake.

Nilinyoosha mkono nizime.
Somoe akanikanyaga mguu. Acha.

Kwanza kimya, ngoma tu inatembea.
Kisha kitoto kimoja: "Mama, anatuona kwa shingo!"
na uwanja ukapasuka.
Zamoyoni akageuka kutazama kinachochekwa,
akajiona,
akapoteza ubeti mzima.
Ulikuwa wimbo wa talaka.
Na mtu aliyeachwa, ukweli ni huo, uso wake hukaa hivyo,
kila kiungo kimehamia kwa jirani.
Akaupa mgongo umati, akauimbia uso wake
hadi wanawake wa mbele wakaacha kucheka,
mmoja akavua kanga ya kichwani, akaishika tu.

Asubuhi nilikuwa nazipiga nyaya namba
kwa rangi ya kucha ya Somoe, nyekundu, moja hadi kumi na mbili,
nikiapa kwa kila namba.
Zamoyoni akaja na bahasha, pungufu kama kawaida.
Alisimama. Alikohoa. Alishika kitanda cha juu.
"Ile ya jana, kwenye talaka...
unaweza kuiharibu tena vilevile?"

Nikamwambia, kukosea nilikosea bure.
Kuharibu kwa makusudi kuna bei yake.

Somoe hakuinua kichwa.
Kwenye daftari alikwisha kuandika:
saba, penye tatu.